Kuagana na Watu wa Misheni



Mtume Paulo alikaa Efeso miaka mitatu. Siku ya kuagana na Kanisa lile ilipofika hakuingia mjini tena, maana alikuwa na haraka ya kuiwahi Pentekoste Yerusalemu. Alisimama Mileto, penye bandari, akatuma watu wawaite wazee wa Kanisa. Wazee wakashuka hata pwani, naye akasema nao maneno marefu, akawaambia bila kuwaficha kwamba hawatamwona tena. Kisha wote wakapiga magoti wakaomba, wakalia sana, wakamsindikiza mpaka chomboni. Habari hii imo katika Matendo ya Mitume, mlango wa 20, tangu mstari wa 17. Katika mlango unaofuata jambo hilo latokea tena Tiro, na huko hata wanawake na watoto walitoka mjini wakapiga magoti pamoja naye ufukoni. Twawaombeni mzisome sura hizo nyumbani, kwa kuwa mengi tutakayosema yametoka humo.

Sisi wa pwani ya Kilwa na Lindi twaweza kuyaona mambo hayo kwa macho yetu. Mchanga tunaujua, chombo kinachongoja maji yajae tunakijua, tena tunajua jinsi mtu aliyebaki pwani anavyosimama akitazama tanga hata lisionekane. Watu wa Misheni waliingia nchi hii kwa bahari, na kwa muda mrefu walitoka kwa bahari. Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa ikikatika masika, na kivuko cha Rufiji kilimtesa kila msafiri, mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003.

Vijana wetu, ambao hawakuwaona watu hao, hutuuliza: Wale Wazungu wa Misheni walikwenda wapi? Je, walifukuzwa? Walichoka? Walitukasirikia? Na wako wazee wanaojibu kwa kuugua tu, wakisema, “Ah, zamani za Misheni!” kisha wakanyamaza. Jibu hilo halitoshi. Mtoto akilisikia mara nyingi ataamini kwamba Kanisa lilikuwa hai zamani, na kwamba yeye amezaliwa katika makombo yake.

Kiswahili chetu kina neno la kutufundisha hapa. Mtu mmoja huaga, watu wawili huagana. Na neno hilo hilo la kuagana lina maana ya pili, nayo ni kupatana na kuwekeana ahadi. Ndiko lilikotoka neno agano, tunalolisoma katika Biblia zetu, Agano la Kale na Agano Jipya. Bwana wetu alifanya mambo hayo mawili kwa usiku mmoja: aliwaaga wanafunzi wake mezani, na katika kuwaaga akaweka agano katika damu yake. Basi kila tupokeapo Ekaristi tumeketi katika karamu ya kuagana, wala karamu hiyo haikutuacha yatima. Kwa hiyo tukizifikiri siku walizoondoka watu wa Misheni, tusiulize tu waliondoka lini. Tuulize tuliagana nini.

Tuanze mbali kidogo, hapa hapa Kilwa. Kabla ya Misheni kuja, Kilwa Kivinje ilikuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo Ziwa Nyasa. Watu wengi mno walifikishwa pale wamefungwa, wakapakiwa majahazini kwenda Unguja na ng’ambo. Hao hawakuagana na mtu. Mama hakumwaga mwana, wala mume hakumwaga mke. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pale Misheni ya Vyuo Vikuu, ile ambayo wazee waliizoea kwa jina la UMCA, ilijenga kanisa kuu. Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Oktoba 1876, Askofu Edward Steere aliondoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa katika utumwa, zaidi ya hamsini, wanaume kwa wanawake. Wakashuka Lindi, wakapanda bara kwa miguu. Nia ilikuwa kufika Nyasa, maana wengi wao asili yao ni nchi za huko. Walipofika Masasi mwezi wa Novemba waliiona nchi kuwa njema, wakataka kukaa pale, naye Askofu akakubali. Akamwacha kijana mmoja, William Percival Johnson, kuwa pamoja nao, yeye akarudi Unguja kwenye kazi yake ya kufasiri na kupiga chapa vitabu.

Tazameni basi. Watu walioteremka Lindi siku zile wengi wao hawakuwa Wazungu. Walikuwa watu weusi, waliopokonywa kwao wakavushwa bahari, sasa wanarudi kwa bahari ile ile wakiwa na jina la Kristo. Tukisema “wamisionari waliotuletea Injili” tukawafikiri Wazungu peke yao, tumeacha nje sehemu kubwa ya msafara. Tena angalieni kwamba Masasi iliagwa na Askofu wake kabla haijatimiza hata mwaka mmoja. Kanisa la kusini limezoea kuachwa tangu utoto wake.

Na kwaheri nyingine hazikuwa na nafasi ya machozi. Mwezi wa Septemba 1882 Wamagwangwara waliivamia Masasi, wakaua na kuteka, waliosalimika wakatawanyika, na Padre Chauncy Maples akahamishia kazi Newala. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji, vilivyoanzia Matumbi nyuma ya Kilwa, vilifika Masasi nako, na wamisionari wakakimbilia Lindi. (Waliovipigana vita vile walikuwa na sababu zao. Kodi, pamba ya kulazimishwa na kiboko si mambo madogo, wala hatuna haja ya kuwalaani babu zetu ili tuwaheshimu mapadre.) Kisha mwaka 1914, Vita Kuu ya kwanza ilipoanza, Wajerumani waliwakamata wamisionari Waingereza wakawaweka kizuizini, na wengi hawakupata uhuru mpaka Tabora ilipotwaliwa mwaka 1916. Mapadre na waalimu Waafrika walibaki na makundi yao. Baadhi yao nao walishikwa wakateswa, kwa kudhaniwa kuwa wapelelezi wa Waingereza.

Je, Kanisa lilikufa katika miaka hiyo? Halikufa. Watoto walibatizwa, wafu walizikwa kwa sala. Na hili halikuwa la ajabu kwa mtu aliyekuwa na macho, kwa sababu alikwisha kuwapo Padre Cecil Majaliwa. Huyu alikuwa mtumwa utotoni, akalelewa na Misheni Unguja, akapewa upadre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika UMCA kupata daraja hiyo. Alifanya kazi Chitangali kati ya Wayao kwa zaidi ya miaka kumi, na Kanisa likakua chini ya mkono wake. Kisha akarudishwa Unguja. Twajiuliza kama kulikuwa na mtu aliyemfanyia karamu siku alipoondoka Chitangali. Vitabu vinaeleza kwa urefu safari za Maaskofu. Za mapadre Waafrika vinapita upesi upesi.

Sasa tuje kwenye kuondoka kule ambako wazee wetu wanakukumbuka. Askofu Trevor Huddleston alikuja Masasi mwaka 1960. Jina lake lilikuwa limekwisha kujulikana duniani kwa kuupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, naye akaja kukaa katika jimbo la kusini kabisa, penye njaa na barabara mbovu. Mwaka uliofuata nchi ikapata uhuru. Mwaka 1968 akauacha uaskofu wa Masasi akiwa bado na nguvu nyingi, kwa kuwa aliona wakati umefika wa jimbo kuwa na Askofu Mwafrika. Hilary Chisonga akashika mahali pake. Mambo mengine yakafuata kwa haraka. UMCA yenyewe ilikuwa imekwisha kuungana na chama kingine cha misheni mwaka 1965, na jina lake la zamani likakoma. Mwaka 1970 Tanzania ikawa Jimbo Kuu lenye Askofu Mkuu wake, John Sepeku. Shule, ambazo zilikuwa kazi kubwa ya Misheni, zikawa mali ya taifa. Chidya na Ndwika leo ni shule za Serikali. Hospitali ya Mkomaindo pale Masasi nayo ni ya Serikali. Katika miaka michache mtu aliyezoea kuona Misheni kila mahali aliona kama kwamba mtu amekunja jamvi.

Hapo ndipo moyo wa mazungumzo yetu. Huddleston hakufukuzwa, wala hakuchoka. Mtu akiondoka kwa sababu ya kuchoka, tunamhurumia. Mtu akiondoka akiwa na nguvu, ili mwenzake apate mahali pa kusimama, hilo ni jambo jingine kabisa, nalo latukumbusha Bwana wetu alipowaambia wanafunzi, kama asemavyo Yohana katika mlango wa 16, kwamba kuondoka kwake kulikuwa na faida kwao. Wao waliona huzuni tu. Hawakufahamu mpaka Pentekoste. Petro asingesimama kusema mbele ya makutano siku ile kama kila mtu angalikuwa akimgeukia Yesu amjibie.

Wazee wetu wa jando na unyago waliyajua mambo haya zamani. Askofu Vincent Lucas, wa kwanza kuwa Askofu wa Masasi tangu 1926 hata 1944, alikuwa na hekima ya kuketi na wazee na kujifunza kwao, ndipo jando la Kikristo likapata sura yake. Basi na tujifunze kwa kungwi. Kungwi humfunda mwari, humwonya, humlinda, hata humwadhibu. Lakini siku ile mwari akitolewa nje, kungwi haendi kukaa kwake ampikie mumewe. Kungwi anayekataa kuondoka huwatia watu mashaka kama alifundisha kitu. Na mwali anayemwita kungwi kila sufuria inapoungua, huyo naye hakufundwa.

Hivyo ndivyo walivyofanya Masista wa Mateso Matakatifu, wa shirika lile lililoanzishwa mwaka 1911 na Askofu Frank Weston wa Unguja. Walikuja kusini, wakauguza, wakafundisha, wakawatunza wakoma. Na mwaka 1946 kikaanzishwa Masasi Chama cha Mariamu Mtakatifu, cha masista Waafrika, nao wakawa walezi wake. Kama wangalitaka, wangaliweza kubaki wakuu wa nyumba mpaka kufa kwao. Hawakufanya hivyo. Chama kiliposimama kwa miguu yake wakamwachia mamlaka, na mwishowe wakarudi Uingereza. Leo ukisikia kengele ya sala katika nyumba ya masista wetu, waliopiga magoti humo ni binti zetu, na mama mkuu wao ni mmoja wao. Hatujui kwaheri iliyo bora kuliko hiyo.

Tena liko jambo la kufurahisha. Baada ya Askofu Chisonga, mwaka 1984 Masasi ilipata tena Askofu mzaliwa wa Uingereza, Richard Norgate, naye alikaa katika kiti kile mpaka 1992. Mtu asiseme kwamba jimbo lilirudi nyuma. Wa kwanza waliletwa kwetu. Huyu alikuja kiti hicho katika Kanisa lenye sheria zake na mabaraza yake lenyewe. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na mgeni aliyeshika jembe kwa miaka mingi si mgeni tena.

Na wapo wengine ambao hatukuagana nao kabisa, kwa sababu hawakuondoka. Yule Johnson aliyeachwa Masasi mwaka 1876 alikwenda Nyasa, akatembea vijiji vya ziwani hata macho yakamfifia, akafa Liuli mwaka 1928. Na karibu zaidi nasi, kaskazini ya Kilwa, alikuwako Kanoni Robin Lamburn. Alikuja mwaka 1930 akafanya kazi ya Misheni kusini miaka mingi. Ulipofika wakati ambao wenzake hurudi kwao wapumzike, yeye alikwenda Rufiji kukaa Kindwitwi, kijiji cha wenye ukoma, watu waliokuwa wamekimbiwa na jamaa zao. Alikaa nao mpaka uzee wake, akafa mwaka 1993. Watu wa Kindwitwi wengi wao ni Waislamu. Twaomba wasomaji wetu walifikiri jambo hili polepole, kwa sababu sisi Wakristo wa Kilwa na Lindi ni wachache kati ya ndugu zetu Waislamu, na mara nyingine wachache hujifungia ndani kama watu walio ugenini, wakingoja kuhamishwa. Padre yule hakuwauliza wagonjwa dini yao kabla ya kuwatafutia dawa. Akihesabiwa kwa idadi ya waliobatizwa, mwenye kuhesabu ataona kidogo. Akihesabiwa kwa watu walioacha kuogopwa, mwenye kuhesabu atachoka.

Turudi Mileto sasa. Paulo aliwapa wazee wa Efeso usia wenye mambo mazito, na mawili yanatuhusu sana.

Kwanza, aliwakumbusha kwamba hakutamani fedha ya mtu wala mavazi ya mtu, na kwamba mikono yake mwenyewe ilimlisha yeye na wenzake. Ndugu, tuseme kweli. Katika kumbukumbu za wengi, Misheni ni nguo, dawa, vitabu, bati la kuezekea, na pesa ya mwalimu kila mwezi. Vitu hivyo vilikuwa vizuri, wala hatuvidharau. Mtoto aliyeponywa kwa dawa ile ndiye babu yetu. Lakini vilikuwa na hatari ndani yake, kwa kuwa viliwafundisha watu kwamba Kanisa ni mahali pa kupokea. Hata leo kuna mikutano ya mitaa ambapo paa likivuja neno la kwanza kusemwa ni, “Tuwaandikie marafiki wa Ulaya.” Marafiki hao wapo, nasi twawashukuru, lakini makanisa mengi ya huko sasa yana wazee wachache katika viti, na wengine wanaomba kwamba sisi tuwaombee. Mvuvi wa Kilwa Masoko aletaye sadaka ya samaki wawili, na mama wa Mchinga aletaye pishi ya muhogo mkavu, hao ndio wanaolilipa agano lile. Bati la sadaka yao haliji kwa meli.

Pili, aliwaonya kwamba baada ya kuondoka kwake mbwa mwitu watakuja, na si kutoka nje tu, bali wengine watainuka miongoni mwao wenyewe. Mtu asomaye maneno hayo katika Kanisa lolote la Afrika atayasikia yakimchoma. Kiwanja cha Kanisa kikiuzwa gizani, mwuzaji hakutoka Ulaya. Kinyang’anyiro cha uongozi kikigawa mtaa pande mbili, ndugu wakaacha kupeana amani mbele ya altare, Wazungu hawamo. Kwa muda mrefu tulikuwa na udhuru: mambo yakiharibika tulisema Misheni hawakutuachia madaraka, au waliyaacha mapema mno. Udhuru huo umezeeka. Aliyekuwa mtoto mchanga mwaka wa kuondoka kwa Huddleston sasa ana wajukuu.

Lakini mtume hakuishia katika onyo. Aliwaweka wazee wale mikononi mwa Mungu na katika neno la neema yake. Hakuwaachia mdhamini, wala hazina, wala mtu wa kuwasimamia kwa siri. Hilo ndilo lililowaliza, nadhani wazee wa Efeso walitazamana pale ufukoni wakaona kwamba hakuna mkubwa mwingine nyuma yao. Na wetu walipotazama meli ikitoka Lindi, na baadaye ndege ikiruka Mtwara, waliona jambo lilo hilo.

Limebaki neno moja la kutenda. Tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, tunayo desturi ya kusoma majina mbele ya altare. Katika mitaa mingi orodha ya watu wa Misheni imeandikwa vizuri: Maaskofu, mapadre, waganga, mabibi, masista. Ni haki wasomwe, nasi tutawasoma. Lakini waalimu wa dini waliotembea kwa miguu toka kijiji hata kijiji, waliofundisha Katekisimu chini ya mwembe, waliokaa na watu miaka ile ya vita padre hayupo, na wake zao waliowapikia wageni wa Kanisa bila mshahara, wengi wao hawamo katika orodha yoyote. Hawakupigwa picha, wala hawakupewa saa ya mkono siku ya kustaafu, na wengi hawakustaafu. Walikufa kazini, wakazikwa nyuma ya kanisa la makuti ambalo limekwisha kuanguka.

Basi kila mwenye jina la mwalimu wa namna hiyo katika ukoo wake, au la mkewe, alilete kwa katibu wa mtaa kabla ya mwisho wa Oktoba. Liandikwe kwa herufi kubwa, pamoja na jina la kijiji alikofundisha. Asiyejua kuandika aje alitaje, ataandikiwa. Yatasomwa yote, hata kama Misa itachelewa kwisha.